Sura ya Sita: Ujue Uzi Kabla ya Rangi

Sogeza kiti cha dereva nyuma kabisa, inama, utazame zulia la pale kilipokuwa. Kwenye gari la miaka 30 lililoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, utaona rangi mbili. Moja ni ile iliyotoka kiwandani, iliyofichwa na kiti miaka yote hiyo. Ya pili ni kile jua lilichobakiza. Toyota Mark II na Cresta za mwishoni mwa miaka ya 1980, zilizokuja kutoka Japani na viti vya marooni, huonyesha jambo hili waziwazi: chini ya kiti marooni imekolea, karibu na mlango imegeuka rangi ya tofali.

Ukimpelekea fundi wa viti gari la namna hiyo, jibu la kwanza huwa lilelile. "Mzee, hili limeshakwisha. Tulitoe, tukukatie jipya la mita." Ni njia ya haraka, lakini mwenye gari hupoteza kitu ambacho huenda asikipate tena dukani. Zulia la kiwandani lilikandamizwa kwa joto kwenye kalibu likapata umbo la sakafu ileile: nundu ya katikati, mteremko wa mbele kwenye pedali, matundu ya bolti za viti na mikanda. Zulia la mita ni tambarare. Hukatwa, hukunjwa, hubandikwa kwa gundi, na kila penye kona hubaki uvimbe au mwanya ambamo maji hupata pa kujificha. Mimi nasimama upande wa kuliokoa lile la kwanza kila inapowezekana, na sura hii inaeleza namna ya kulirudishia rangi yake.

Watu wengi huanza kwa kuuliza watumie rangi gani. Waanze kwa kuuliza zulia lao ni la uzi gani. Rangi ya kuchovya haiufuniki uzi, huungana nao, na kila uzi una rangi unazozikubali na unazozikataa. Mwenye kulijua hilo ataifanya kazi hii kwa sufuria, siki na brashi. Asiyelijua atanunua rangi ya bei kubwa itakayoishia kwenye soksi za abiria wake.

Jua linavyokula rangi

Tunaiona rangi kwa sababu molekuli zake hufyonza sehemu ya mwanga na kuiachia sehemu nyingine itufikie machoni. Miale ya urujuanimno ina nguvu ya kuzivunja molekuli hizo, na oksijeni ya hewani humalizia kazi. Joto na unyevu huongeza kasi. Pwani yetu ina vyote kwa wingi: jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, hewa ina unyevu wa bahari, na ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani joto linaweza kupita nyuzi 60.

Vioo navyo havilindi kwa usawa. Kioo cha mbele kina tabaka mbili zilizobanana na plastiki katikati yake, na plastiki hiyo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Vioo vya milango na cha nyuma, katika magari mengi ya zamani, ni tabaka moja tu iliyokazwa kwa joto, nayo hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Ndiyo sababu rafu iliyo nyuma ya kiti cha abiria hufa mwanzo, ikifuatiwa na zulia la kando ya milango, ilhali lile lililojificha chini ya dashibodi hubaki karibu kama lilivyotoka kiwandani.

Zaidi ya hapo, rangi moja unayoiona mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila moja hufifia kwa mwendo wake. Kijivu hugeuka zambarau, nyeusi huwa kahawia, marooni hupoteza ubluu wake na kubaki na wekundu uliochoka. Wataalamu wa vitambaa hupima uwezo wa rangi kustahimili mwanga kwa vipande vinane vya sufu ya bluu, namba 1 hadi 8. Kila namba huchukua takriban muda maradufu ya iliyotangulia kabla ya kufifia. Unaponunua rangi kwa ajili ya gari, uliza kipimo hicho kama muuzaji anacho, na usishuke chini ya 6. Miongoni mwa rangi za asidi, zile zenye metali kama kromu au kobalti ndani ya molekuli zake kwa kawaida hustahimili jua kuliko nyingine.

Jua halili rangi peke yake, hula na uzi. Kabla ya kutumia hata shilingi, chukua brashi ngumu usugue mahali palipofifia zaidi. Nyuzi zikikatika na kuwa unga, zulia hilo limeoza, na hakuna rangi itakayolifaa. Zikisimama imara, endelea.

Kuutambua uzi

Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aliyeitwa William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa njia ya kemia. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na ndani ya tope hilo akagundua rangi ya zambarau iliyokuja kuanzisha viwanda vya rangi za kemikali. Rangi hiyo ilishika hariri vizuri sana, lakini pamba haikuipokea mpaka ilipotiwa kwanza dawa ya kuishikisha. Tangu mwanzo kabisa wa rangi hizi, basi, uzi ndio ulioamua.

Kwenye magari utakutana hasa na nyuzi za aina nne. Sufu imo katika magari ya kifahari ya Uingereza kama Jaguar na Rolls-Royce za zamani. Nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1935, ilienea katika mazulia ya magari kwa sababu haichakai upesi chini ya viatu. Poliesta na polipropilini zilikuja kwa unafuu wa bei, mara nyingi zikiwa zimeshindiliwa kwa sindano hadi zikafanana na blanketi gumu, bila manyoya yaliyosimama.

Sufu na nailoni ni marafiki wa rangi. Katika nyuzi zote mbili kuna sehemu ambazo, zikiwa ndani ya maji yenye asidi kidogo, hupata chaji chanya, na rangi ziitwazo za asidi zina chaji hasi. Joto huulegeza uzi, rangi huingia, chaji hukutana, na maji ya kawaida hayaitoi tena kwa urahisi. Poliesta haina sehemu hizo. Huhitaji rangi za aina nyingine, na viwandani hupikwa chini ya shinikizo kwa joto la karibu nyuzi 130, jambo lisilowezekana nyumbani. Polipropilini haipokei rangi ya kuchovya hata kidogo. Rangi yake hutiwa kiwandani wakati plastiki bado ni uji, kabla haijavutwa kuwa uzi.

Uzi unaweza kuutambua mwenyewe kwa majaribio matatu. Kata nyuzi chache kwenye ukingo uliojificha chini ya kiti, na uhakikishe hazina mabaki ya gundi ya mgongoni.

Kwanza, zitie kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni ya vyombo, uzikoroge mpaka zilowe. Zikielea, ni polipropilini, maana katika nyuzi hizi nne ndiyo pekee iliyo nyepesi kuliko maji. Sufu, nailoni na poliesta huzama.

Pili, shika nyuzi nyingine kwa koleo, nje ya nyumba, juu ya sahani ya mchanga, uziwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika kwa vidole. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Poliesta hutoa moshi mweusi zaidi. Subiri tone lipoe kabla ya kuligusa, kwa kuwa plastiki iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi.

Tatu, ambalo ndilo la kuaminika kuliko yote: weka nyuzi kwenye kikombe cha chuma chenye maji ya moto, rangi ya asidi kidogo na kijiko cha siki, ukipashe polepole kwa dakika kumi au kumi na tano bila kuchemka kwa fujo, kisha suuza. Nailoni na sufu zitatoka zimekolea mpaka ndani. Poliesta itatoka imechafuka tu.

Hapa kwetu maarifa ya rangi hayakuanza na magari. Akina mama wa Pwani na Visiwani wanaosuka mikeka huchemsha ukindu ndani ya maji ya rangi kabla ya kushika msuko, na wanajua vyema kwamba maji ya uvuguvugu hayatoshi. Watengeneza batiki nao wana ufundi wao, wa rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki. Heshimu ufundi wote huo, lakini usiuhamishie kwenye zulia bila kufikiri. Batiki ni ya pamba, na kostiki inayoifaa pamba huiharibu sufu kabisa. Hapa tunahitaji asidi hafifu, na siki ya jikoni inatosha.

Rangi ya kuingia na rangi ya kukaa juu

Madukani kuna bidhaa nyingine, za kopo la kupuliza, zinazouzwa kwa jina la rangi ya mazulia na vinili. Nyingi kati ya hizo ni rangi za kupaka: chembe za rangi zilizochanganywa na gundi laini, zinazokauka juu ya uzi kama ganda jembamba. Zina mahali pake. Kwa poliesta ndiyo njia inayowezekana, na kwa rafu ya nyuma au pembeni mwa buti, pasipokanyagwa, hudumu vizuri.

Kasoro yake hujitokeza chini ya miguu. Ganda husuguliwa na kisigino, hung'oka kidogo kidogo, na likipakwa nene nyuzi hugandana na zulia likawa gumu. Ukiamua kuitumia, pulizia mkono mwembamba kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, na kabla haujakauka pitisha brashi huku na huku ili kila uzi usimame peke yake. Mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Fanya kazi hiyo nje, ukiwa na barakoa ya kuchuja mvuke wa kemikali, mbali na moto. Kwa polipropilini iliyofifia ushauri wangu ni kutafuta zulia lingine la gari kama lako kwa wauza vipuri vilivyotumika. Hata rangi ya kopo huikamata kwa shida.

Yanayofuata yanahusu nailoni na sufu.

Kulitoa na kulifua

Chagua msimu. Masika na vuli si wakati wa kazi hii, kwa sababu zulia nene linahitaji kukauka mpaka moyoni. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, mvua ni chache na upepo wa kusi unakausha vizuri.

Toa waya hasi wa betri kwanza. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi za njano chini ya viti. Fungua bolti za viti, kisha za mikanda, kisha vibanio vya plastiki vya vizingiti vya milango. Bolti za kila kiti zitie kwenye mfuko wake, uuandike. Linyanyue zulia ukiwa na msaidizi, mmoja kila upande, bila kulikunja. Mgongo wake ulipewa umbo kwa joto, na ukivunjika haurudi.

Sasa tazama sakafu. Katika magari ya pwani hapa ndipo ukweli unapolala: kutu chini ya miguu ya dereva, maji yaliyoingia kupitia mpira wa mlango, blanketi la chini lililooza na kutoa harufu ya uvundo. Usirudishe zulia zuri juu ya sakafu inayokufa. Kwangua kutu, paka dawa yake na rangi ya chuma, ziba mahali maji yanapoingilia.

Kufua ndiko kunakobeba nusu ya kazi yote. Vuta mchanga kwa mashine, kisha piga zulia kwa nyuma mpaka lisitoe vumbi. Osha kwa sabuni ya maji na brashi, suuza, rudia, mpaka maji yatoke meupe. Grisi, mafuta ya injini, na yale mafuta ya kung'arisha dashibodi huziba uzi, na mahali yalipo rangi itakataa na kuacha baka. Usitumie jiki, huondoa rangi iliyobaki bila mpangilio na kudhoofisha nyuzi. Likishakuwa safi, lisuuze mara ya mwisho kwa maji yenye siki kidogo ili sabuni iishe.

Kuitafuta rangi

Rangi huongeza, haipunguzi. Zulia haliwezi kutoka jeusi kwenda kijivu, na rangi iliyobaki itachanganyika na mpya. Ukitia bluu juu ya zulia lililopauka na kuwa manjano, utapata kijani. Kwa hiyo usinunue rangi kwa kuangalia picha ya kopo. Jiulize ni sehemu gani ya rangi ya zamani iliyoondoka, ndiyo uirudishe. Marooni iliyogeuka tofali inahitaji ubluu kidogo na wekundu kidogo. Ukiimwagia nyekundu tupu itakuwa kali, isiyofanana na viti wala milango.

Kata nyuzi chache zilizofifia, uzijaribu kikombeni kwa michanganyiko tofauti, ukipima rangi kwa mizani ndogo ya gramu na kuandika kila kipimo. Kama mwanzo, fikiria gramu 10 za rangi kavu kwa kilo moja ya uzi kwa rangi ya wastani. Nyeusi hutaka mara nne ya hiyo au zaidi. Kausha sampuli kabla ya kuilinganisha na uzi wa chini ya kiti, kwa sababu uzi uliolowa huonekana umekolea kuliko ulivyo. Linganisha nje, kivulini, mchana. Taa ya dukani hudanganya.

Sampuli mbili zikifanana kwa karibu, chagua iliyokolea kidogo. Jua litaendelea na kazi yake, na zulia lililoanza na akiba litachukua muda mrefu zaidi kurudi lilikotoka.

Kutia rangi

Zulia zima usilichemshe. Mgongo wa plastiki ukipata joto la kuchemka hulegea, na umbo ulilopigania linapotea. Litandaze juu ya sehemu tambarare, au liache ndani ya gari tupu kama sakafu inaweza kulowa na kukaushwa. Lipe maji ya uvuguvugu yenye siki mpaka liwe na unyevu sawasawa, kisha vuta maji ya ziada.

Pasha maji ya rangi hadi nyuzi 80 au 90, ukitumia kipimajoto. Tia kiasi kwenye bomba la kupulizia linalostahimili joto, uanze upande mmoja na kusonga bila kusimama. Pulizia eneo dogo, lisugue kwa brashi mbele na nyuma, kushoto na kulia, mpaka rangi ifike kwenye shina la manyoya. Mahali palipofifia sana patapewa mara mbili, palipofichwa na kiti papewe kidogo sana au pasipewe kabisa. Lengo ni zulia zima lifikie rangi moja. Rangi ikipoa kwenye bomba, ipashe tena. Kisha pitisha mashine ya mvuke polepole juu ya kila eneo, kwa umbali usioumiza mgongo. Mvuke ndio unaomalizia kuifunga rangi ndani ya uzi.

Vaa glovu na barakoa unapopima rangi kavu, kwani unga wake ni mwepesi na haufai kuvutwa. Sufuria uliyotumia isirudi jikoni.

Liache lipoe. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Hapa wengi huchoka na kuacha kabla ya wakati, na makosa yao huonekana mvua ya kwanza inapoingia na viatu. Anika kivulini penye upepo, ukiligeuza, mpaka mgongo nao ukauke. Kisha chukua kitambaa cheupe kilicholoweshwa, ukisugue kwa nguvu mahali mbalimbali. Kikitoka cheupe, kazi imekubali. Kikitoka na rangi nyingi, rudia kusuuza. Ikiendelea, rudia siki na mvuke.

Kulirudisha na kulitunza

Linaporudi garini, anza katikati, kwenye nundu, kisha telezesha kingo chini ya vizingiti. Tafuta matundu ya bolti kwa bisibisi nyembamba kabla ya kuweka viti. Funga mikanda kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, si kwa kukisia, maana hilo ni jambo la uhai.

Baada ya hapo adui ni yuleyule wa zamani. Weka mikeka pale miguu inaposugua. Vioo vya pembeni vitiwe utando unaozuia urujuanimno, kwa kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Utando mzuri usio na giza hufanya kazi hiyo bila kumzuia dereva kuona usiku. Gari likilala juani, lifunike. Zulia likilowa, linyanyue kingo siku hiyohiyo.

Mwisho, andika. Aina ya uzi, jina la kila rangi, gramu zake, kiasi cha siki, tarehe, pamoja na uzi mmoja wa sampuli uliobandikwa kwa gundi ya karatasi, vyote viingie kwenye bahasha inayokaa na nyaraka za gari. Magari haya hubadilisha mikono, na mafundi wengi hodari wamejifunza kwa kukisia kile ambacho fundi aliyewatangulia alikuwa anakijua. Miaka kumi ijayo, atakayekuwa na gari hili akiona rangi imeanza kushuka tena, hatalazimika kuchoma nyuzi wala kuzielesha kwenye bakuli. Atafungua bahasha, apime gramu, apashe maji.